Bamba Lililonyooka

Mbaruku aliponiambia kwamba ameitwa tena Karakana kusafishwa mguu, nilikuwa namenya ndizi za mchana. Kisu kikasimama mkononi.

"Si walikusafisha mwezi uliopita?"

"Na uliotangulia pia." Mdogo wangu alikuwa ameegemeza magongo yake ukutani na kuuweka mguu wa kushoto juu ya kigoda kama mgeni wa heshima. "Dada, mguu huu sasa unaoga kuliko mwenyewe."

Alicheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa shaka na sioni haya kulisema. Nikiuziwa maziwa naonja kwanza, na mtu akinipa pole namtazama machoni. Kazi nayo imenizidishia. Ni mkaguzi wa nyuso katika Karakana ya Mifupa, hapa Muheza, na kwa kazi hiyo majirani wananitania mpaka basi. "Salha, hebu nikague na mimi uso wangu, umebakiza miaka mingapi?" Huwajibu kwamba nyuso ninazokagua hazipaki wanja. Ni nyuso za mabamba, vile vipande vya madini vyembamba kama ganda la kitunguu wanavyowekewa watu waliovunjika vibaya, ili mfupa mpya uote juu yake.

Mfupa wa Mbaruku haukuota. Alianguka kutoka kwenye mnara wa umeme wa upepo alikokuwa fundi, akavunjika mguu vipande vipande, na Karakana ikamwekea bamba kama inavyowawekea wote. Watu waliovunjika baada yake walishatupa magongo. Mmoja wao nilimwona kwa macho yangu harusini akicheza ngoma ya mdumange, tena akiwashinda wazima.

"Wakikusafisha wanatoa nini?" nikamuuliza.

"Majimaji mazito. Daktari Shekiondo anakuja mwenyewe na sindano yake. Tena ananisifu, anasema mguu wangu una bidii."

"Bidii ya nini, nao hausimami?"

"Muulize yeye, dada. Mimi ni mwenye mguu tu."

Nikarudi kwenye ndizi zangu, lakini neno lile la bidii lilinikaa kooni. Daktari Shekiondo ndiye mkuu wa Karakana nzima. Mkuu hashiki sindano ya kusafisha kidonda. Ana vijana wa kazi hiyo. Na siku bamba la Mbaruku lilipotengenezwa, mimi sikuwapo kulikagua. Nilikuwa wodini na binti yangu Sauda, aliyemwagikiwa na uji wa moto mkononi na shingoni. Nikauliza nafsi yangu nani alilikagua badala yangu, na jibu lilipokuja halikunipendeza. Alilikagua yeye Daktari.

*

Kila bamba linalotoka Karakana lina pacha wake. Moja huingia mwilini mwa mtu, la pili hubaki kwenye droo, ili siku ya ubishi kuwe na shahidi. Kesho yake nilingoja wenzangu waende kunywa chai, nikamtoa pacha wa bamba la Mbaruku, nikamlaza chini ya sindano ya kukagulia.

Sindano ile ni nyembamba hata jicho haliioni. Hupita juu ya uso wa bamba ikipanda na kushuka, na kila inachokipapasa huchorwa kwenye skrini. Nilitazamia kuona vishimo vyetu vya siku zote, vidogo ajabu, vimekaa pogo. Nilichokiona ni safu zilizonyooka kama za watu wanaosali. Nikapangusa skrini kwa ncha ya kanga, nikatazama tena. Zilikuwa zimenyooka vilevile.

Asiyejua kazi yetu atasema sasa ubaya uko wapi, si bora vimenyooka? Ubaya uko katika seli shina. Hiyo ni seli ya mwili ambayo bado haijaamua iwe nini. Haina macho wala masikio. Haijui imo katika mguu wa nani. Inachokijua ni inachokikanyaga, na hupapasa chini yake kabla ya kuamua. Ikipapasa mifereji, hujirefusha kufuata mfereji na kuelekea kuwa msuli. Ikipapasa vishimo vilivyokaa pogo, kimoja kimesogea kulia kidogo, jirani yake kushoto kidogo, hapa hupata pa kushika na pale hukosa. Basi huvutika na kujikaza, na mkazo ule ndio unaoiambia iwe mfupa. Lakini vishimo vikinyooka, hakuna kinachoivuta. Hutulia ilipo. Haigeuki mfupa wala chochote. Hubaki changa, ikazaa seli changa kama yenyewe, nazo zikazaa nyingine. Ndiyo maana pogo, ambalo kwa mafundi wengine ni tusi, kwetu ni sifa.

Kwa hiyo mguu wa ndugu yangu ulikuwa umejaa seli zisizoamua, na kwa bamba lile zisingeamua milele. Jambo kama hili halitokei lenyewe. Kuna mkono ulionyoosha vile vishimo, na katika Karakana mkono unaochora vishimo ni mmoja tu, wa Shangazi yetu Mwanakheri.

*

Shangazi Mwanakheri ni dada wa marehemu baba. Kabla ya Karakana alikuwa mshona kofia, na si mshona kofia wa kubahatisha. Ijumaa ukikaa barazani ungeweza kuzijua kofia zake vichwani mwa wanaume kwa vile vitobo vyake, vidogo na sawasawa kama vimehesabiwa na malaika. Karakana ilimwajiri kwa ajili ya jicho lile na mkono ule usiotetemeka. Akakabidhiwa kalamu ya mwanga, ambayo huchoma vishimo juu ya bamba kwa kufuata mchoro unaoletwa na mashine.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto anaendeleaje na mkono?"

"Vidole vinafunguka, Mungu mwema. Shangazi, bamba la Mbaruku ulilichora wewe?"

"Nani mwingine? Damu yangu nimwachie mtu baki?"

"Hukuona kitu katika mchoro wake?"

Akavua miwani ya kazi, akanitazama kwa fahari. "Nilikiona, nikakitengeneza. Mchoro ulikwama ndani ya mashine. Daktari akanipigia simu, akasema, 'Bi Mwanakheri, bamba la Mbaruku limekwama, ninyooshee leo leo.' Nikaufungua nitazame. Loo! Vitobo vimekaa ovyo, hiki huku, hiki kule. Nikasema kumbe ndiyo maana limekwama. Nikakaa, nikanyoosha kimoja kimoja mpaka macho yakatoa machozi."

"Lakini mabamba yetu yote ni pogo, Shangazi."

"Kwani sijui? Kila siku nachora pogo, na kila siku roho inaniuma. Kofia ukikosea kitobo kimoja unafumua, sembuse kitu kinachoingia mwilini mwa mtoto wa kaka yangu! Nikadhani safari hii wenyewe wameona aibu. Mtu mzima ameniambia ninyooshee. Angekuwa anataka haraka, si angesema haraka?"

Nilimtazama usoni kwa muda mrefu nikimtafuta mwongo. Sikumpata. Nilimpata mshona kofia aliyefanya kazi bora kuliko zote katika maisha yake, na kazi hiyo ikamlaza mtu magongoni.

"Kwani kuna nini?" akauliza, sauti imepungua. "Maana na Daktari alikuja kuniuliza hivyohivyo, mara tu alipomsafisha Mbaruku mara ya kwanza. Nikamweleza. Nikamwambia kama nimekosea nichore jingine. Akanishika bega, akasema, 'Usijali, mama, kosa lako limekuwa baraka.'"

"Baraka?"

"Ndivyo alivyosema. Sikumuuliza ya nani."

Nikamuaga kwa heshima zote. Nilipotoka nilipita kwenye droo nikamchukua yule pacha. Kosa la Shangazi nililielewa: Daktari alitaka kazi iharakishwe, yeye akanyoosha vishimo; hata ningeweza kulicheka siku moja. Lakini Daktari alilijua tangu sindano ya kwanza, na akamwacha ndugu yangu aendelee kubeba magongo mwezi baada ya mwezi. Wasemao usilolijua ni usiku wa giza hawakumjua yule bwana. Yeye alijua, na sisi ndio aliotuacha gizani.

*

Daktari Shekiondo ni mtu mpole, na upole wake siku zote nimeushuku. Alinikaribisha kiti, akataka kuniagizia chai ya tangawizi. Nikamweka yule pacha juu ya meza yake.

"Limenyooka," nikasema.

Hakujifanya kushangaa. Hilo namkubalia. "Nilikuwa nangoja siku utakayokuja nalo, Bi Salha. Nilishangaa unavyochelewa."

"Umejua muda wote huo. Kwa nini hukulitoa?"

Akainuka, akaenda dirishani, akanipa ishara nimfuate. Chini ya dirisha lake kuna ua wa wodi ya watoto walioungua. Sauda alikuwepo, siku hiyo alikuwa na zamu ya mazoezi. Muuguzi alikuwa amempa tonge la udongo laini alibonyeze. Vidole vyake vitatu vilibonyeza vizuri. Viwili vilikuwa bado vimejikunja.

"Ngozi ile mpya ya vidole vyake," akasema Daktari, "uliwahi kujiuliza inatoka wapi?"

"Mliniambia mnaiotesha maabara."

"Tunaimalizia maabara. Lakini mbegu yake ni seli changa, na katika sahani zetu seli huzeeka haraka. Unajua tumehangaika kiasi gani. Zinataka damu inayopita, zinataka mwili ulio hai wenye jeraha la kuziamsha, na chini yake uso ulionyooka. Nani angethubutu kumwekea mgonjwa bamba lisiloponya? Kisha neno moja likaeleweka vibaya kwenye simu, nami kwa haraka nikalipitisha bamba bila kulikagua sawasawa, tukayapata yote kwa mpigo."

"Katika mguu wa ndugu yangu."

"Katika mguu wa mjomba wake Sauda. Ndiyo maana mwili wa mtoto haukuikataa."

Nilishika fremu ya dirisha. Ngozi ile nimeiosha kwa mikono yangu. Nimeipaka mafuta ya nazi kila asubuhi na kuishukuru. Kumbe nilikuwa nampaka Mbaruku.

"Umemnyang'anya mtu mguu wake," nikasema. "Hata hukumwambia."

"Ningemwambia, angekubali?"

"Hujui."

"Wala wewe hujui. Mimi nilimwona mtoto wako siku alipoletwa hapa, Bi Salha. Nilichagua, na usiku nalala vibaya, sikufichi." Akarudi kwenye kiti chake. "Atasafishwa tena kesho. Ukisema nilitoe, nitalitoa hiyo kesho na kumwekea la pogo, na kabla ya mvua za vuli atakuwa anatembea. Lakini vile vidole viwili na ile shingo bado. Bila ngozi changa kovu litakaza, na vilivyofunguka huenda vikajikunja tena. Ukinyamaza, tutaendelea kidogo mpaka mtoto apone kabisa. Mimi nitafanya utakalosema."

Hapo ndipo nilipoujua ule upole ni wa namna gani. Alikuwa ananikabidhi dhambi yake niibebe mimi, tena kwa adabu. Nilimchukia. Na bado, Mungu anisamehe, kuna pembe moja ya moyo wangu iliyosema: nyamaza. Mbaruku mwenyewe anacheka, hajui kitu, miezi michache tu. Pembe ile ilisema kwa sauti tamu sana, na ndiyo iliyonitisha kuliko Daktari.

*

Alasiri, Sauda akiwa ameshatoka mazoezini, nilimkuta Mbaruku uani, anammenyea chungwa kwa ule mtindo wake, ganda linatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika. Nikamtuma mtoto kwa jirani akaombe chumvi. Nikaketi kwenye mkeka, nikamwambia mdogo wangu yote: vishimo, simu, Shangazi, sindano, ngozi. Sikuficha hata ile pembe ya moyo wangu.

Aliutazama mguu wake. Halafu akasema, "Kwa hiyo Sauda amenivaa."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana siku hizi mkorofi." Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatikia. Akalitazama chungwa, akaliweka chini. "Dada, miezi yote hii mimi nilijiona nina laana. Nilimwambia Mungu, kama kuna mtu nilimdhulumu, nionyeshe nikamwombe radhi. Kumbe mimi ndiye niliyedhulumiwa, na mwenye kunidhulumu ananisifu nina bidii."

"Nimejua leo, Mbaruku. Wallahi leo."

"Nakuamini. Lakini nyie watu, kwa nini hamkuniomba?"

"Ndiyo nimekuja."

"Basi niombe. Niombe kama mtu anavyoombwa."

Nikaomba. Niliomba vizuri, sikubakisha. Nilimwambia kwamba Sauda hana baba wa kumtegemea, na mjomba ndiye yeye. Kwetu neno mjomba si dogo. Mjomba ndiye anayeombwa idhini mtoto akiolewa, na mjomba akikataa, hata shehe anakunja mkeka wake na kuondoka. Anapoombwa kwa jina hilo kwa ajili ya mtoto wa dada yake hasemi hapana. Nililijua hilo. Nilikuwa nimelitegemea njia nzima kutoka Karakana, na nikalitamka neno lile mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Hapana," akasema Mbaruku.

Nilidhani sikusikia.

"Hapana, dada. Yule mtoto nampenda, wewe unajua. Lakini mguu wangu nautaka. Nataka kupanda mnara nione bonde lote chini yangu. Nataka kwenda chooni bila kuita mtu. Hiyo kesho nalitoa bamba hili."

Hasira iliyonipanda sijawahi kuiona. Nilimwambia kwamba yeye si mjomba bali jina tu. Nilimwambia baba angemwona leo angegeuza uso. Nikasema mengine ambayo siyaandiki hapa. Aliniacha niseme. Hakuinua sauti wala hakuangalia pembeni, alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Umemaliza?"

Nilikuwa nimemaliza.

"Sasa na mimi nikuulize. Daktari anasema mguu wangu unafaa kwa kuwa mimi ni damu yake mtoto. Sawa. Wewe ni mama yake. Damu yako si ya karibu zaidi? Na una miguu miwili mizima. Kutoka Karakana mpaka hapa, ulipokuwa unaupigia hesabu wangu, ulifikiria hata mmoja wa kwako?"

Nilikuwa na majibu. Ningeweza kumwambia kwamba hakuna daktari anayemvunja mtu mzima mfupa. Kwamba nina kazi ya kusimama kutwa, na nani atamlea mtoto mama akiwa magongoni. Yote hayo yangekuwa kweli. Lakini hakuniuliza kama inawezekana. Aliniuliza kama nilifikiria.

"Hapana," nikasema. "Sikufikiria."

Akatikisa kichwa taratibu, bila ubaya. Akayavuta magongo yake, akajiinua kwa shida, nami kwa mara ya kwanza nikamtazama anavyoinuka badala ya kuangalia pembeni kama nilivyozoea. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Basi twende kwa Daktari sasa hivi, tusingoje kesho," akasema. "Mimi nikatolewe bamba, na wewe ukamuulize kama mguu wako unafaa badala ya wangu. Au usiulize. Ukikataa sitakulaumu, nami nimekataa."

Akatangulia mlangoni. Nilibaki pale mkekani na miguu yangu nimeinyoosha mbele yangu. Niliitazama, nikaona jinsi ninavyoipenda. Kisha nikainuka nikamfuata, na niliogopa kila hatua.